Daftari Kwanza, Tuta Baadaye: Mwongozo kwa Wakazi wa Vijiji Vilivyo Kati ya Barabara Kuu na Mapito ya Wanyamapori

Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa anaifahamu sehemu ya barabara kuu inayoikatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa umbali wa kilomita zipatazo 50, ambako malori ya kwenda Zambia, mabasi ya abiria na magari madogo hupita usiku na mchana katikati ya makundi ya swala pala, pundamilia, twiga na tembo. Ndani ya hifadhi wapo askari, yapo matuta ya kupunguza mwendo wa magari, na yapo mabango yanayotaja faini ya kila aina ya mnyama atakayegongwa. Lakini mnyama hautambui mpaka wa hifadhi, na dereva akishaupita mpaka huo huongeza mwendo. Kuanzia hapo, aliye karibu na tukio ni mkazi wa kijijini: mkulima anayekwenda shambani alfajiri, mama lishe aliyefungua kibanda kando ya lami, kijana wa bodaboda anayerudi nyumbani usiku. Mwongozo huu ni wao, na nimeuandika nikiamini kwamba hakuna ofisi, hata ikiwa na magari na wataalamu wangapi, inayoweza kuijua kilomita moja ya barabara kama wanavyoijua wanaoishi kandoni mwake.

Vijiji vingi huanza na mwisho. Twiga hugongwa, watu huingiwa na uchungu, mkutano huitishwa, na siku hiyohiyo barua ya kuomba tuta huandikwa. Barua hiyo ikifika kwa mhandisi, swali lake la kwanza huwa: tuta liwekwe wapi? Kama jibu ni "kijijini kwetu", ombi hukaa kwenye jalada. Kama jibu ni "mita 200 baada ya kalavati la pili, mahali ambapo wanyama kumi na mmoja wamekufa tangu Januari, na hii hapa orodha yao", mazungumzo huwa mengine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza daftari kabla ya jambo jingine lolote.

Kuandika kila kinachokufa, na kila siku isiyo na kifo

Teueni watu wawili hadi wanne ambao tayari hupita barabarani mapema, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, ili kazi isiwe mzigo mpya utakaoachwa baada ya wiki tatu. Wagawieni vipande vya barabara vinavyofahamika mwanzo na mwisho wake. Watoto wasipewe kazi hii, kwa kuwa ukingo wa barabara kuu wakati wa mapambazuko si mahali salama pa kuinama na kutazama chini. Wakaguzi wavae vizibao vinavyong'aa, watembee wakielekea yanakotoka magari, na wasisimame kwenye lami kwa sababu yoyote ile.

Saa ina uzito mkubwa. Mnyama aliyegongwa saa nane usiku anaweza kuwa ametoweka ifikapo saa tatu asubuhi: fisi wamemburuta, tai wamemmaliza, mtu amembeba, au matairi ya malori yamemsaga mpaka hatambuliki. Kwa hiyo mzunguko ufanyike mara tu kunapopambazuka, kwa njia ileile na kwa muda uleule kila mara. Mkikagua kila siku mwezi huu na mara mbili tu mwezi ujao, hesabu zenu zitaonyesha bidii yenu badala ya kuonyesha hali ya barabara.

Katika kila tukio andikeni tarehe, saa mnyama alipoonekana, aina yake, kama ni mkubwa au mtoto, dume au jike ikiwa inatambulika, na mahali penyewe kwa alama isiyohama: nguzo ya kilomita, kalavati, daraja, kona, mbuyu. Mwenye simu yenye ramani aandike pia namba za mahali hapo. Pigeni picha mkiwa pembeni ya barabara, na wekeni kandambili au kitu kingine mnachokijua ukubwa wake karibu na nyayo ili kipimo kieleweke. Andikeni hali ya siku, yaani mvua, ukungu au mbalamwezi, na mlichokiona kandokando: majani mabichi, mahindi yaliyomwagika, dimbwi la maji, njia ya wanyama inayotokea kichakani. Kama mzunguko umekwisha bila kuona mzoga, andikeni "hakuna", kwa sababu bila siku hizo tupu hakuna anayeweza kujua kama vifo ni vingi au vichache.

Msiandike wakubwa tu. Tembo na twiga hutangazwa redioni, lakini barabara hula kwa wingi zaidi wale wasiotajwa: nungunungu, kalunguyeye, fungo, komba, sungura, kobe, vinyonga, kanga na bundi, na nyoka wanaolala juu ya lami jioni kwa sababu hubaki na joto baada ya jua kutua. Vilevile andikeni wanyama waliovuka wakiwa hai, pamoja na nyayo na vinyesi vilivyoonekana pande zote mbili. Kifo huonyesha mahali ambapo mnyama alishindwa kuvuka, na nyayo huonyesha mahali anapotaka kuvuka. Mara nyingi sehemu hizo mbili hupishana kwa mita mia kadhaa, na tofauti hiyo husaidia sana wakati wa kuchagua mahali pa kuweka kizuizi cha mwendo.

Mwaka mzima ndio muda unaofaa, kwa kuwa kiangazi huwasukuma wanyama kufuata maji na masika huwatawanya. Hata hivyo, kama sehemu moja imejitokeza wazi ndani ya miezi mitatu, msingoje mwaka ukatike huku wanyama wakiendelea kufa. Chukueni karatasi la manila, chora barabara kama mstari mmoja mrefu wenye alama zake zote, kisha kila tukio litiwe nukta ya kalamu nyekundu mbele ya mkutano wa kijiji. Kwa kawaida nukta hazisambai sawasawa, bali hukusanyika mahali pawili au patatu, na wananchi wakiliona hilo kwa macho yao huacha kubishana kuhusu tuta liwe mbele ya nyumba ya nani.

Kuuliza kwa nini hapo

Kabla ya kuamua dawa, waketisheni wazee na wafugaji na muwaulize mapito yalikuwa wapi kabla ya lami. Mara nyingi watataja mkondo wa maji, mahali penye chumvichumvi au mbuga ya malisho, na ukiunganisha majina hayo kwenye mchoro utakuta mstari unaopita juu ya nukta zenu nyekundu. Ushoroba (yaani pito la asili la wanyamapori) wa Kwakuchinja, kati ya Hifadhi ya Tarangire na Hifadhi ya Ziwa Manyara, ni mfano mzuri: wanyama wamekuwa wakienda na kurudi katika eneo hilo tangu zamani, na leo barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma inapita katikati yake, pamoja na mashamba na makazi yanayozidi kulibana eneo hilo.

Sababu nyingine zimeletwa na barabara yenyewe. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami hadi ukingoni, kwa hiyo majani ya kandokando hubaki mabichi wakati nyika imekauka, na swala huyafuata. Malori humwaga nafaka kidogokidogo kwenye matuta na kwenye miinuko, na nyani na tumbili hujifunza haraka mno mahali pa kungojea. Abiria hutupa maganda ya ndizi, mabaki ya mahindi na chipsi madirishani. Mnyama mmoja aliyekufa huwaita fisi, mbweha na tai, nao hugongwa wakiwa juu ya mzoga.

Mwendo nao una hesabu yake ambayo kila dereva anapaswa kuisikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde, na likienda 100 hupita mita 28. Dereva aliye makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi akanyage breki, na katika muda huo gari bado linakwenda kwa mwendo uleule. Ukijumlisha umbali wa breki zenyewe, gari dogo kwenye lami kavu huhitaji mita 35 hivi kusimama kutoka mwendo wa 50, lakini huhitaji karibu mita 100 kutoka mwendo wa 100, na lori lililosheheni huhitaji zaidi. Taa zilizoinamishwa humulika vizuri mita 50 au 60 tu. Kwa hiyo dereva anayekimbia kilomita 100 kwa saa usiku akiwa ameinamisha taa, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kumkwepa nyati aliyesimama mbele yake.

Kazi zinazoweza kuanza wiki hii

Usafi wa barabara ndio unaoleta matokeo haraka. Kikundi cha watu wachache kinaweza kufagia nafaka iliyomwagika na kuondoa taka za chakula kwenye sehemu zenye nukta nyingi. Vibanda vya chakula viwe na mapipa yenye vifuniko, na wauzaji wa barabarani wawaombe abiria wawarudishie maganda badala ya kuyatupa. Jambo hili huonekana dogo, lakini nyani akishazoea kuokota chakula kwenye lami, alama na vibao havitamsaidia chochote.

Kufyeka majani na vichaka ili dereva na mnyama waonane mapema ni jambo jema, ila si jambo la kujiamulia. Katika barabara kuu za Tanzania, eneo la mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara ni hifadhi ya barabara, na ruhusa hutoka kwa wakala anayeisimamia. Mkiruhusiwa, fyekeni mwishoni mwa masika ili majani yasichipue tena upesi. Ukifyeka mvua zikiwa bado zinanyesha, unawaandalia swala malisho laini kabisa kandoni mwa lami. Na msilime mahindi wala mihogo kwenye eneo hilo. Shamba lililo mita tano kutoka barabarani linamwita ngiri, nungunungu na tembo waje palepale magari yanapopita.

Kuzungumza na madereva

Anzeni na madereva wa kwenu. Vijana wa bodaboda wana chama au kijiwe chao, na wao ndio wanaoumia zaidi wakigongana na mnyama, kwa sababu hata funo mdogo anaweza kumwangusha mwendesha pikipiki na abiria wake. Waoneshwe mchoro wenye nukta, waambiwe saa za hatari, yaani kuanzia machweo hadi usiku wa mapema na tena alfajiri, na waombwe kueneza habari hizo vijiweni.

Kwa madereva wa safari ndefu, zungumzeni nao wanaposimama: kwenye mizani, kwenye vituo vya mafuta, kwenye migahawa ya usiku. Utingo na kondakta wasisahaulike, kwani mara nyingi wao ndio wanaotazama mbele dereva akichoka. Maneno yawe machache na ya heshima. Mwambieni dereva jambo atakalolitumia usiku huohuo: akimwona mnyama mmoja akivuka, ategemee wa pili na wa tatu nyuma yake, apunguze mwendo badala ya kukata usukani ghafla, kwa kuwa kupinduka kwa basi huua watu wengi, na ainamishe taa anapomkuta swala amesimama, kwa sababu mwanga mkali humfanya aduwae palepale. Nimeona makundi ya vijana wakiwatukana madereva na kuwarushia mawe baada ya mnyama kugongwa. Huo ni uhalifu, unahatarisha abiria wasio na kosa, na unavunja uhusiano wote mnaoujenga.

Vibao vya onyo vinasaidia kidogo. Dereva anayepita kibao kilekile kila wiki bila kumwona mnyama huacha kukiona, na kwa maoni yangu fedha ya kijiji isiishie hapo.

Kuomba tuta, na kulipata

Ushahidi wa matuta tunao nyumbani kwetu. Barabara inayopita kando ya msitu wa Jozani, Unguja, ilikuwa ikiwaua kima punju, ambaye makazi yake ya asili hayapatikani penginepo duniani. Kabla ya matuta kuwekwa, waliouawa walikadiriwa kuwa mmoja kila wiki mbili hadi tatu. Baada ya matuta, ufuatiliaji ulionyesha mmoja kwa wiki sita hivi. Vifo havikwisha, na kwa mnyama aliye hatarini kutoweka kila kimoja kina uzito, lakini punguzo hilo lilipatikana kwa kizuizi cha kawaida kabisa, bila mitambo ya gharama.

Hatua ya kwanza ni kumjua mwenye barabara. Barabara kuu na za mikoa Tanzania Bara husimamiwa na TANROADS, na za wilaya, za vijijini na za mijini husimamiwa na TARURA. Kenya, barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA na za vijijini chini ya KeRRA. Barua iliyopelekwa ofisi isiyohusika hupotea miezi kadhaa.

Jambo lijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Barua itoke kwa serikali ya kijiji, ipitie kwa mtendaji wa kata na diwani, iende kwa meneja wa barabara wa mkoa au wilaya, na nakala zipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, kikosi cha usalama barabarani na hifadhi iliyo jirani. Ambatanisheni nakala ya daftari, mchoro wenye nukta, picha chache zilizo wazi, na idadi ya watu walioumia katika ajali hizo kama wapo. Hilo la mwisho lisiachwe: ajali ya mnyama ni ajali ya binadamu pia, na ofisi ya barabara hupima usalama wa watu kabla ya mengine. Ombeni ukaguzi wa pamoja, mhandisi aje aone mahali akiwa na mkaguzi wenu mwenye daftari.

Katika ukaguzi huo, ombeni mambo mahususi. Tuta liwe kabla ya sehemu ya kuvukia katika kila upande ili gari lifike likiwa tayari limepunguza mwendo, na pale penye nukta zilizotapakaa kwa umbali mrefu ombeni mfululizo wa matuta, kwa sababu dereva akishavuka tuta moja hukanyaga mafuta mara moja. Kuwe na alama ya onyo kabla ya tuta, rasta, yaani vijituta vidogovidogo vya kumtikisa na kumwamsha dereva, na rangi inayoonekana usiku. Mhandisi anaweza kukataa tuta kwenye mteremko au konani na akapendekeza njia nyingine. Msikilizeni, kwa maana tuta mahali pabaya huua.

Kijiji kisijijengee tuta lake kwa udongo, magogo au saruji, hata kama barua imekaa miezi bila jibu. Ni kosa kisheria, na mwendesha bodaboda wa kwanza atakayelivamia gizani anaweza kuwa ndugu yenu.

Pale wanaovuka ni kima, mbega na komba

Wanyama wa juu ya miti wanahitaji njia ya juu. Diani, pwani ya kusini ya Kenya, shirika la Colobus Conservation lililoanzishwa mwaka 1997 limekuwa likifunga madaraja ya angani juu ya barabara ya ufukweni, mfano wa ngazi iliyolazwa kutoka mti hadi mti, na mbega, kima na tumbili huyatumia. Daraja la namna hii hufungwa pale ambapo daftari linaonyesha wanyama huvuka tayari, kwa kuwa hawatatembea nusu kilomita kulitafuta. Miti ya kushikilia iwe mikubwa na hai, na matawi yake yafike kwenye ncha za daraja. Kimo chake kipangwe na ofisi ya barabara ili lori lenye mzigo mrefu lisiliguse, na kamwe lisifungwe karibu na nyaya za umeme kabla shirika la umeme halijashirikishwa.

Kabla hata ya kufunga daraja, itazameni miti yenyewe. Pale matawi ya pande mbili yanapokutana juu ya barabara, mbega hana sababu ya kushuka chini. Mti mmoja wa namna hiyo ukikatwa, kijiji kimepoteza daraja ambalo halikugharimu kitu, na kupanda mwingine ni kazi ya miaka. Waombeni wanaokata matawi kandoni mwa barabara wayaache yale ya kuvukia isipokuwa yanapogusa nyaya.

Tembo hawavuki kwa daraja la angani, wala tuta peke yake halitoshi kupunguza vifo vyao. Kwao suluhisho ni njia ya chini, kama ile iliyoanza kutumika mwaka 2011 chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, inayowawezesha kwenda na kurudi kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Kijiji hakijengi kitu kama hicho, lakini kinaweza kuamua, katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, kutogawa viwanja na mashamba kwenye midomo ya ushoroba. Njia ya chini iliyozibwa na nyumba upande wa pili haimfikishi tembo popote.

Mnyama anapogongwa

Watu kwanza. Waonyeni madereva wanaokuja kwa pembetatu au kwa matawi yaliyowekwa mbali pande zote mbili, saidieni majeruhi, pelekeni taarifa polisi. Msimkaribie mnyama aliyejeruhiwa, hasa nyati, ngiri, chui au tembo, na msijaribu kummalizia. Kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori, ambao namba zao za simu ziandikwe kwenye jalada la daftari kabla ya tukio lolote. Kwa Tanzania, ndani ya hifadhi za taifa ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), kwingineko ni TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) au ofisa wa wilaya, na kwa Kenya ni KWS (shirika la wanyamapori la nchi hiyo).

Nyama isiguswe. Mnyamapori aliyekufa barabarani ni nyara ya serikali, na kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009. Zaidi ya sheria, kimeta na kichaa cha mbwa havionekani kwa macho. Mzoga ukishapigwa picha na kuandikwa, na askari wakikubali, uvutwe mbali na lami kwa kamba au jembe, si kwa mikono mitupu, ili fisi na tai wale bila kugongwa. Kisha matawi yote ya onyo yaondolewe barabarani, kwa sababu yakisahaulika yatasababisha ajali nyingine kabla ya asubuhi.

Tuta likishapatikana, wakaguzi waendelee na mzunguko uleule, kwa saa zilezile, angalau mwaka mmoja mwingine. Kama nukta zimehama kutoka kalavati la pili hadi la tatu, hilo litaonekana, na barua ya pili itakuwa fupi kuliko ya kwanza. Kila mwaka kabla ya masika wakague pia rangi ya tuta na vibao vyake, kwa kuwa rangi hufutika chini ya matairi na vibao huibwa, na wapeleke taarifa ofisi ya barabara wakiwa na picha na tarehe, kama walivyozoea.